Nikivuna milingoti, niuze nini na niache nini shambani?

Swali: «Nina ekari 6 za milingoti (mikaratusi) wilayani Mufindi, zilizopandwa mahali palipokuwa shamba la mahindi. Miti ina miaka 8 na nataka kukata. Mnunuzi wa kwanza anachukua magogo kwa ajili ya kuni za kiwanda cha chai, na anayataka na magome yake. Wa pili anataka aje nyuma ya huyo asombe matawi, majani na hata kung'oa visiki, apeleke kwenye tanuri za matofali. Huyu analipa papo hapo. Jirani yangu anasema nisijisumbue, mlingoti umeshaua udongo. Mwingine anasema nichome mabaki yote kwa kuwa majivu ni mbolea. Mimi nategemea machipukizi yanipe awamu ya pili na ya tatu. Nikiuza kila kitu, miti ya awamu ijayo itadumaa? Na kama ni kuacha, niache nini?»

Ndugu msomaji, una wanunuzi wawili na washauri wawili, na kati ya hao wanne hakuna hata mmoja atakayekuwepo machipukizi yako yatakapofikisha miaka mitatu. Nianze na jibu, halafu nikueleze sababu zake. Uza magogo. Ukiweza, yamenye magome humo humo shambani. Majani, vilele na vitawi vyembamba viache shambani. Visiki usiruhusu viguswe, na moto usiwashe. Matawi manene unaweza kuyauza baadaye kidogo, kwa masharti nitakayoyataja. Ukifanya hivyo, udongo mwingi wa Nyanda za Juu Kusini utakubebea awamu ya pili bila shida kubwa. Ukiuza kila kitu, kupungua kwa ukuaji kunategemea sana aina ya udongo ulionao: kuna mashamba ambayo hayataonyesha tofauti ya maana, na kuna mengine yatakayodumaa tangu mwaka wa kwanza.

Tuanze na jirani, maana kauli yake imeenea. Chukua mlingoti unaokua kwa kasi ya wastani, mita za ujazo 20 kwa hekta kwa mwaka. Baada ya miaka 8, miti yote ya hekta moja, yaani magogo, magome, matawi na majani kwa pamoja, inakuwa imehifadhi takriban kilo 215 za naitrojeni, kirutubisho ambacho mimea hukihitaji kwa wingi. Igawe kwa miaka 8, unapata kilo 27 kwa mwaka. Mahindi yanayotoa tani 3 za punje kwa hekta yanaondoka na kilo 45 hivi kila msimu, na hapo bado hujahesabu mabua. Kwa hiyo shamba lako lilipokuwa la mahindi lilikuwa likikamuliwa zaidi ya sasa. Tofauti ni kwamba mahindi ulikuwa ukiyatilia mbolea na milingoti hukuitilia chochote. Mlingoti hauna sumu ya kuua udongo. Kinachouchosha ni uvunaji wa haraka haraka, wa kubeba kila kitu bila kurudisha. Suala la maji ni jingine, na hapo jirani ana hoja: mlingoti unakunywa sana, haufai karibu na chemchemi au vijito. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kama kona ya shamba lako inafika huko, hiyo kona kata na usiruhusu ichipue tena.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako. Virutubisho havijasambaa sawasawa ndani ya mti. Mbao ya ndani ya gogo ni selulosi na lignini, vitu ambavyo mti umevitengeneza kwa hewa, maji na jua. Udongo haukuchangia sana humo. Isitoshe, mti ni mbahili: mbao ya katikati inapozeeka na kugeuka kiini, mti huvuta naitrojeni, fosforasi na potasiamu na kuzipeleka kwenye sehemu zinazokua. Jani nalo kabla ya kudondoka hufanyiwa hivyo hivyo. Kalsiamu haivutwi kirahisi, ndiyo maana inarundikana kwenye magome. Majani mabichi ndiyo kiwanda cha mti, na humo ndimo virutubisho vilipojazana.

Tuweke hesabu kwa ekari moja ya shamba kama lako. Ni makadirio yanayotumia viwango vya kawaida vya mlingoti, shamba lako litapanda au kushuka kidogo. Uzito ni wa vitu vilivyokauka kabisa. Magogo yaliyomenywa yana kama tani 32, magome tani 4, matawi tani 2.4, majani tani 1.6. Jumla tani 40, na magogo peke yake ni asilimia 80 ya mzigo wote. Lakini angalia kilichomo. Katika kilo 85 za naitrojeni, magogo yana 38 tu, na 27 zimo kwenye zile tani 1.6 za majani. Katika kilo 7.4 za fosforasi, magogo yana 2.6. Katika kilo 97 za kalsiamu, magogo yana 26, na magome, ambayo ni sehemu ya kumi ya mzigo, yana 48. Potasiamu ni kilo 60, na 34 kati yake zimo nje ya mbao.

Kwa maneno mengine, asilimia 20 ya mzigo, ile ambayo mnunuzi hapendi kuilipia vizuri, imebeba zaidi ya nusu ya naitrojeni na potasiamu, karibu theluthi mbili ya fosforasi na kama robo tatu ya kalsiamu. Hiyo ndiyo biashara unayopendekezewa na wanunuzi wako wawili kwa pamoja: mmoja abebe magome, wa matofali abebe matawi na majani.

Igeuze iwe mifuko ya dukani uone. Kurudisha kilichomo kwenye magome, matawi na majani ya ekari moja unahitaji mifuko 2 ya urea ya kilo 50, nusu mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi), mfuko mmoja na nusu wa mbolea ya potashi, na karibu mifuko minne ya chokaa ya kilimo. Zidisha kwa ekari 6, kisha weka bei za Mafinga za wiki hii, na usafiri, na kibarua wa kumwaga. (Kuna naitrojeni kidogo ndani ya DAP, kwa hiyo urea itapungua kidogo, lakini picha haibadiliki.) Kama fedha wanazokupa kwa vitu hivyo hazifikii hapo, basi kwa kweli wewe ndiye unayewalipa wao. Wengi hawapigi hesabu hii kwa sababu mbolea iliyomo kwenye majani haina mfuko wala risiti.

Utauliza: mbona udongo wenyewe una akiba? Unayo, na hapa ndipo watu wa pande zote mbili hupotoka. Udongo mwekundu wa kawaida wenye mboji ya wastani unaweza kuwa na kilo 1,300 za naitrojeni kwa ekari katika sentimita 20 za juu. Zile kilo 47 zilizomo nje ya magogo (85 ukitoa 38), hata ukiziuza, hazionekani kitu mbele ya akiba hiyo. Tatizo ni kwamba karibu yote imefungwa ndani ya mboji, na vijidudu vya udongo huifungua polepole, asilimia 1 hadi 3 kwa mwaka. Mti unakula kile kilichofunguliwa, akiba yenyewe hauifikii. Na vijidudu wenyewe wanaishi kwa majani na vitawi vinavyooza. Ukiwanyima chakula awamu mbili au tatu mfululizo, mboji inapungua na mlango wa akiba unazidi kuwa mwembamba.

Fosforasi ina ugumu wake. Udongo wetu mwekundu wenye asidi una oksidi nyingi za chuma na alumini ambazo huishika fosforasi na kuing'ang'ania. Kipimo cha jumla kinaweza kuonyesha ipo, na mti ukawa na njaa. Fosforasi iliyomo kwenye majani yanayooza ina nafasi nzuri zaidi ya kudakwa na mizizi ya juu juu na kuvu wanaoishi nayo kabla udongo haujainyakua. Naitrojeni kidogo huletwa na mvua, kilo chache kwa hekta kwa mwaka. Fosforasi inayoletwa hivyo ni kidogo mno, na kalsiamu inayotoka kwenye miamba iliyokwisha kuchakaa kama yetu ni kidogo mno. Kwa hiyo nikiambiwa nitaje kitu cha kuogopa kuliko vyote kwenye shamba la Mufindi linalovunwa kila baada ya miaka 8, nitataja fosforasi na kalsiamu kabla ya naitrojeni.

Muda wa kuvuna nao una uzito wake. Mti mchanga una magome na mbao changa nyingi ukilinganisha na ukubwa wake, kwa hiyo tani moja ya nguzo za miaka 4 inaondoka na virutubisho vingi kuliko tani moja ya magogo ya miaka 8. Ukivuna mara mbili ndani ya miaka 8 unapoteza zaidi kuliko ukivuna mara moja, hata kama jumla ya mita za ujazo ni ile ile. Anayekushawishi ukate kila miaka mitatu au minne kwa ajili ya mirunda, kumbuka hilo kabla ya kukubali.

Pengo linaonekana lini? Zaidi ni katika miaka miwili ya kwanza. Baada ya hapo vichwa vya miti hukutana, majani huanza kudondoka, na shamba linajilisha lenyewe kwa sehemu kubwa. Kabla ya hapo mti unategemea udongo na mabaki yaliyooza tu. Machipukizi yana afadhali kidogo kuliko miche mipya, kwa kuwa yanarithi mizizi mikubwa yenye akiba, na hiyo inaweza kukudanganya: awamu ya pili inaanza kwa kasi hata pale udongo umepungukiwa, kisha upungufu unajitokeza mbele, au unausubiri upandaji mpya baada ya visiki kuchoka.

Kuhusu kama haya yamepimwa: yamepimwa, na matokeo hayafanani. Karibu na Pointe-Noire, Congo-Brazzaville, milingoti iko kwenye mchanga maskini kabisa. Huko, viwanja vilivyoondolewa mabaki yote vilidumaa vibaya, na vile vilivyoongezewa mabaki maradufu vilikua kuliko vingine vyote. Kwenye udongo wenye rutuba katika nchi nyingine za tropiki zilizofanya majaribio ya aina hiyo, tofauti ilikuwa ndogo. Marekani na Kanada zina majaribio makubwa ya muda mrefu yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Baada ya miaka 10, kuondoa kila kitu hadi majani makavu ya chini kulikuwa kumepunguza kaboni na virutubisho vya udongo wa juu, lakini ukuaji wa miti kwa ujumla haukuwa umeshuka, isipokuwa sehemu kama zile za kusini zilizokuwa na fosforasi haba tangu mwanzo. Australia Kusini waligundua katika miaka ya 1960 kwamba misindano ya awamu ya pili inakua vibaya kuliko ya kwanza. Walikuwa wakichoma mabaki. Walipoanza kuyaacha na kudhibiti magugu, ukuaji ulirudi.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni msitu wa Usutu, Eswatini, wenye Pinus patula, msindano ule ule unaojaza Sao Hill, shamba la miti la serikali huko Mufindi. Ukuaji ulifuatiliwa kwa vipimo tangu 1968, awamu baada ya awamu, na hakukuwa na kushuka kwa jumla. Ila sehemu moja ndogo, yenye udongo uliotokana na mwamba wa gabro, awamu ya pili ilikwama kwa kukosa fosforasi, na mbolea ya fosforasi iliitibu. Lakini usisahau jambo moja: Usutu walikuwa wakibeba magogo na kuacha mabaki. Usichukue matokeo yao ukamhalalishia mtu wa matofali.

Sasa huyo wa majivu. Anasema kweli nusu. Majivu yana kalsiamu, potasiamu, magnesiamu na fosforasi kidogo, na hupunguza asidi. Lakini naitrojeni huanza kutoroka na moshi joto linapopita nyuzi 200 hivi, na moto wa rundo la matawi unapita hapo mara nyingi. Sehemu kubwa ya zile kilo 47 zako inaenda hewani. Kinachobaki ni unga mwepesi unaosubiri upepo wa Oktoba na mvua ya kwanza ya Desemba uende bondeni. Na kwa kuwa watu huchoma marundo, si mabaki yaliyotandazwa, virutubisho vya shamba zima vinaishia kwenye madoa machache, na chini ya madoa hayo udongo umeiva kama tofali. Miche inayoonekana mizuri mno juu ya jivu ndiyo inayowashawishi watu. Tembea hatua kumi pembeni uone wenzake.

Jivu lenye faida kwako ni lile la kiwanda cha chai. Magogo yako yakichomwa kule, kalsiamu na potasiamu yake inabaki kwenye jivu, na mara nyingi kiwanda kinatafuta pa kulitupa. Mwombe mnunuzi wa kwanza, iwe sehemu ya makubaliano, lori linaporudi lije na jivu. Tani 1 hadi 2 kwa hekta zinatosha, yaani kilo 400 hadi 800 kwa ekari, zikitandazwa mbali kidogo na visiki baada ya mvua kuanza. Hakikisha ni jivu la kuni tupu: lisiwe na mabaki ya plastiki, mafuta machafu au mbao zilizotiwa dawa. Usilichanganye na urea wala DAP, utanusa amonia ikiondoka. Acha wiki kadhaa katikati. Na ujue halitakurudishia naitrojeni.

Turudi kwa wanunuzi wako. Wa kwanza anataka magogo na magome. Magome mabichi yanamwongezea uzito na maji, na kwenye tanuru yanamwachia jivu jingi, kwa hiyo kuna nafasi ya kuzungumza. Mlingoti unamenyeka vizuri siku ile ile ya kukatwa hadi siku mbili tatu baadaye, hasa miti ikiwa bado na maji. Ukichelewa, gome linagandia na kibarua atakulaumu. Katakata gogo kwa urefu anaoutaka, menya kwa panga au shoka butu kwa kulipasua gome kwa urefu na kuling'oa vipande, kisha vipande vitandazwe. Gome lisiachwe rundo moja barabarani, maana ndiko inakoishia kalsiamu yote. Linganisha gharama ya kumenya na thamani ya magome. Ikiwa kibarua ni ghali mno na udongo wako ni mzito na mweusi wa kutosha, kuuza na magome awamu moja si balaa. Kufanya hivyo kila awamu bila chokaa wala jivu ndiko kutakakokuchosha.

Wa pili anaweza kupata kitu. Mwambie akae wiki tatu hadi nne baada ya kukata. Majani yatakauka na kupukutika yenyewe, hasa vibarua wakiyatikisa matawi wanapoyakusanya. Kisha achukue matawi yenye unene wa kuanzia sentimita 5, unene wa kifundo cha mkono hivi. Vitawi vyembamba, vilele na majani abaki navyo mwenye shamba. Tanuri ya matofali inahitaji kuni nene, kwa hiyo akiwa mkweli haya hayamuumizi. Akisisitiza majani, jua anachotaka ni kufagia shamba tu ili lori lijae.

Visiki ni neno moja: hapana. Unategemea machipukizi, na kisiki ndicho mtaji. Hata kwa anayepanda upya, kung'oa visiki kwenye miteremko ya Mufindi kunaacha mashimo na udongo uliolegea mbele ya mvua za masika, na udongo wa juu ukishaondoka hakuna mbolea inayourudisha.

Unapokata, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, uso uwe na mwinamo ili maji yatiririke, na gome la kisiki lisichanike, kwa kuwa machipukizi hutokea chini yake. Mpe kazi fundi wa chenso anayejua kulenga mti uangukie nje ya visiki vilivyokwisha kukatwa. Mabaki yapange mistari kati ya safu za visiki, safu moja ndiyo, moja siyo, na kisiki chochote kiwe wazi nusu mita kila upande. Hili la mwisho hupuuzwa sana: kisiki kilichofunikwa na lundo la matawi hutoa machipukizi hafifu au kinakufa, kisha watu husema udongo umechoka. Kwenye mwinamo, mistari ifuate kontua, yaani ikate mteremko kwa usawa mmoja, itashika udongo pia. Katika upana wa mita 2.5 kwa 2.5 una kama visiki 640 kwa ekari. Machipukizi yakifikia mita 3 hadi 4, punguza yabaki mawili au matatu kwa kila kisiki, kisha yapunguze tena yakifikia mita 7 au 8. Hayo unayopunguza usiyatoe shambani, ni majani matupu.

Kuacha mabaki kuna bei, na sitakuficha. Ya kwanza ni moto. Mabaki makavu ya mlingoti yana mafuta, na miezi ya Septemba hadi Novemba ni ya hatari kwenu. Kata njia ya moto ya mita 10 hivi kuzunguka shamba, iwe udongo mtupu, na ndani ya mita hizo usiache tawi. Kwa ekari 6 ningekata njia nyingine katikati, ili moto ukiingia uchukue nusu. Kama jirani yako husafisha shamba kwa moto kila mwaka na hamna makubaliano ya kijiji yanayofanya kazi, basi ni afadhali kuuza matawi mengi zaidi ya nilivyosema na kuyaacha majani na magome. Mabaki yaliyoungua pamoja na machipukizi ni hasara mara mbili. Bei ya pili ni kwamba palizi na kutembea shambani vinakuwa vigumu mwaka wa kwanza. Kwa upande mwingine, mabaki hayo hufunika udongo, yanazuia magugu na yanahifadhi unyevu katika kiangazi chenu kirefu cha Mei hadi Novemba, na hilo pekee huwa na msaada kwa machipukizi.

Kuna uharibifu mwingine ambao hujauuliza, na wakati mwingine unazidi wa matawi: lori. Fuso iliyojaa ikiingia shambani udongo ukiwa na maji inagandamiza udongo kiasi kwamba mizizi haipenyi na maji hayaingii, na hali hiyo inadumu miaka mingi. Sema mapema kwamba lori litabaki barabarani na magogo yatatolewa kwa mikono, ng'ombe au trekta dogo kwa njia mbili tatu zilizochaguliwa, na uvunaji ufanyike kiangazi. Kwenye njia hizo ndipo unapoweza kutandika matawi yakanyagwe. Wakati mzuri wa kukata kwa ajili ya machipukizi huko kwenu ni kuelekea mwisho wa kiangazi, baada ya baridi kali ya Juni na Julai, machipukizi yakutane na mvua. Hiyo inagongana na msimu wa moto, ndiyo maana njia ya moto inakatwa kabla ya miti.

Ikitokea umeshauza kila kitu, au hela ilihitajika na hakukuwa na jinsi, shamba linaokolewa. Chokaa au jivu kwanza. Kisha fosforasi: mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfeti, inafaa udongo wenye asidi kwa kuwa asidi hiyo hiyo huiyeyusha taratibu. Urea igawe mara mbili ndani ya msimu wa mvua, kwenye duara la nusu mita kuzunguka kisiki, ifukiwe kidogo, baada ya palizi. Ukimwagia magugu, utavuna magugu. Pale visiki vilipokufa na unajazia miche, gramu 50 hadi 100 za DAP kwa mche, kwenye vishimo viwili umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye shina. Safu chache za miwati pembezoni zinaongeza naitrojeni kwa vinundu vya mizizi yake, lakini inasambaa sana kwa mbegu, usiipeleke karibu na mto.

Dalili za kuangalia kuanzia mwaka wa kwanza: majani ya chini yanayopauka kuwa manjano ni njaa ya naitrojeni, rangi ya zambarau kwenye majani makongwe mara nyingi ni fosforasi au baridi, na kilele kinachokufa wakati wa kiangazi, kikatoa vichwa vingi vya pembeni kama ufagio, kinaelekeza kwenye boroni (kirutubisho ambacho mti hukihitaji kwa kiasi kidogo sana), upungufu unaojulikana katika nyanda za juu za mashariki na kusini mwa Afrika. Boroni usiitibu kwa kubahatisha. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachounguza viko karibu sana.

Na ili usibaki kubishana na jirani, pima mwenyewe. Tenga vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja mita 20 kwa 20. Kimoja acha mabaki yote, kingine toa yote. Kila mwaka, mwezi ule ule, pima urefu, na machipukizi yakishapita mita 2 pima kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3. Kufikia mwaka wa tatu utakuwa na jibu la udongo wako, na awamu ya tatu utaiamua kwa namba.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi, na unahitaji mtu aje akanyage shamba. Kama udongo wa juu wenye rangi nyeusi haufiki sentimita 20, kama ukiubana mkononi ukiwa na maji haushikani kwa sababu ya mchanga, kama mteremko ni mkali kiasi cha mtu kupumzika akipanda, au kama miti ya awamu hii tayari ilidumaa au kufa vilele, usitie saini na mnunuzi yeyote wa matawi kabla ya vipimo. Afisa misitu wa wilaya au watafiti wa TAFORI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania) wanaweza kulitazama shamba. Udongo unapimwa kwenye maabara za TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo, Mbeya) au SUA Morogoro (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo). Chukua vijisampuli 10 hadi 15 kwa kila kipande kinachofanana, ukipita zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, na vingine 20 hadi 40, ukikwepa mahali palipochomwa. Changanya kila kina peke yake kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, fungasha nusu kilo. Omba wapime pH (kiwango cha asidi), kaboni, naitrojeni, fosforasi inayopatikana, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na boroni. Peleka pia majani yaliyokomaa kutoka theluthi ya juu ya miti kumi hivi. Hayo ya majani yachukue kabla chenso haijawashwa, kwa sababu baada ya hapo utasubiri mwaka mzima.